Rudi Umeachishwa

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zikufikie huko Mwanza ukiwa mzima. Sie huku Mtoni hatujambo; mjomba wako kaezeka upya baraza, na paka wako kazaa tena kabatini mwangu.

Umeniuliza kama utie saini hiyo barua ya kuacha kazi kwa hiari, ilhali anayekufukuza ni bosi. Mie nikakumbuka sufi.

Zama za Mwingereza nilikuwa nikichambua sufi ghalani na shoga yangu Mwanahawa. Sufi ilielea hewani mchana kutwa, tukawa tunaonana kama watu wa ndotoni. Nyapara alipotufukuza, alitwambia kwa upole: "Bibi zangu, mkiulizwa semeni mmeacha wenyewe. Ndiyo heshima." Nasi wanawake wa pwani, aibu ilitutisha kuliko njaa.

Mwanahawa akanivuta hadi kwa afisa wa kazi wa serikali. Karani wake akauliza, "Mmeacha kazi?" Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema ndiyo. Mwanahawa, kope zingali nyeupe kwa sufi, akajibu taratibu:

"Hatukuacha, bwana. Tumeachishwa."

Karani akatuvutia viti. Kumbe aliyeacha mwenyewe hana la kudai, aliyeachishwa husikilizwa.

Mwanahawa keshatangulia mbele ya haki, lakini usingizini bado namsikia akilitamka neno lile, sufi ikitua mabegani mwake.

Kalamu ni yako, mama. Godoro lako la sufi nalianika kila Ijumaa. Ukirudi, rudi umeachishwa, usirudi umeacha.

Bibi yako, Mtoni