Wa Saba Kwenye Boriti

Nyumba ya Wazee, Osthaug
Wisconsin
Machi, theluji bado imetuzingira

Kwa ndugu yangu mdogo Lowell,

Nakusalimu kwa upendo, na ni matumaini yangu kuwa barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na bomba la jikoni halijaganda tena. Nisalimie majirani wa ng'ambo ya zizi, na yule mbwa wako kiziwi. Ukitaka kujua hali yangu, si mbaya. Najua neno hilo kwetu halimwambii mtu lolote. Mavuno yakifurika ghala, Baba alisema si mbaya. Zizi lilipoungua na ng'ombe wakatoka salama, alisimama mbele ya majivu akasema si mbaya. Basi lipokee kwa sasa, nitalifafanua mbele ya safari.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu, Lowell, wewe husema "haya basi" kabla mtu hajafika katikati ya habari. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuiweka kando ukaenda kulisha ng'ombe, lakini ukirudi utaikuta mezani.

Chakula cha hapa kimekuwa bora tangu wapate mpishi mpya, ingawa bado anaamini kwamba viazi vikimwagiwa supu ya uyoga ya kopo vinageuka kuwa mlo. Wazee wawili wameniomba niwafundishe Kilatini. Mmoja ana miaka tisini na hukumbuka somo mpaka chakula cha mchana tu, lakini asubuhi kwa asubuhi anakuja na kalamu yake. Miguu yangu imeniacha, natembea kwa kuegemea fremu ya chuma. Akili bado iko nami, na ndiyo inayokuandikia.

Sasa nije kwenye jambo ulilonituma.

Ulikuja hapa Januari, ukaketi na koti lako mwilini kama mtu anayepita tu, ukanieleza kwamba Signe amepoteza akili. Ulisema binti wa miaka kumi na saba, mwenye alama kama zake, amepewa ufadhili kamili wa masomo na chuo kilicho karibu na nyumbani, naye anakataa kwa sababu chuo hicho hakina timu ya jimnastiki. Ulisema hakuna mtu duniani aliyewahi kuajiriwa kwa kujua kusimama kwa mikono. Ulisema mjukuu wako hakusikilizi tena, lakini mimi ananisikiliza, maana nilimfundisha kusoma kabla hajaenda shule. Ukaniomba nimsindikize kwenye yale mashindano ya jimnastiki ya Februari katika chuo kikuu kikubwa cha ng'ambo ya mto, na njiani nimrudishe kwenye njia. Nilikubali. Wakati ule niliona una haki.

Basi tukaenda. Signe aliendesha, mimi nikakaa ubavuni pake na blanketi, na mfuko wa vipande vya jibini mbichi kati yetu. Nikamwomba anieleze mwenyewe milango iliyo mbele yake, nami nikasikiliza kama nilivyowasikiliza wanafunzi miaka yote, bila kumkatiza.

Alisema kuna chuo cha karibu, kile unachokipenda wewe. Hakina timu, ila kuna chama cha wanafunzi wanaokodi ukumbi jioni mbili kwa wiki na kushindana kwa raha zao. Hakukidharau. Alisema wapo huko watu wazima wenye watoto ambao bado wanabembea kwenye vyuma. Kuna chuo kidogo cha Walutheri, ambacho hakimlipii mchezaji yeyote kwa ajili ya mchezo. Huko angeshindana kila wiki tangu mwaka wa kwanza, na kocha wao amempigia simu mara nyingi kuliko mchumba. Lakini hakuna masomo ya mifugo, na Signe anataka kuwa daktari wa ng'ombe. Hilo sidhani amewahi kukwambia. Na kuna hiki kikubwa, chenye masomo hayo, ambako kocha amemwambia aje kama mchezaji wa kujileta mwenyewe: bila ufadhili, bila ahadi, afanye mazoezi na wenzake kila siku, na huenda asishindane hata mara moja katika miaka minne.

Nikamwambia hilo la tatu linafanana na kualikwa harusini ili ukae jikoni. Akacheka. Nikamkumbusha neno lako la kusimama kwa mikono. Akajibu, macho yakiwa barabarani, kwamba hakuna aliyeajiriwa kwa kukaa kwenye ndoo juu ya ziwa lililoganda, akivua samaki kwenye tundu la barafu, na Babu hufanya hivyo kila Jumamosi na hakuna anayemtuma dada yake amtoe huko.

Kwa hiyo alijua nimetumwa. Tangu tulipotoka getini alijua.

Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kwa nini huji tena kumtazama. Nilisema una kazi nyingi. Akasema kila siku ya mashindano trekta huharibika. Lowell, wewe na mimi tunalijua hilo trekta. Tangu siku ile alipoponyoka kutoka kwenye chuma cha juu na kiwiko kikavunjika, hujakanyaga ukumbini. Wewe ndiye uliyekaa kwenye korido ya hospitali na mkoba wake mapajani. Mama yake ulikuwa umeshamzika. Uliniambia siku ile kilichokutia hofu si kuanguka, bali kilichofuata: mtoto alisimama, mkono mmoja ukining'inia, akainua ule mzima kuwaelekea waamuzi, na ndipo akakubali kulazwa kwenye machela. Uliniambia huyu ana wazimu. Nilimuuliza kwenye gari kwa nini alifanya vile. Akasema, "Bila mkono juu zoezi halijaisha, Bibi. Sikutaka liishie chini."

Tukafika. Ukumbi ulikuwa umejaa, tukapata nafasi upande wa kushoto, karibu na boriti ya mazoezi. Kocha alikuja kutusalimia kabla hawajaanza. Anaitwa Deanna Kubiak, mwanamke mfupi mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Nilimuuliza waziwazi kama ana nia ya kumtumia mtoto wetu au kumjaza tu benchi. Hakunipaka mafuta. Alisema hajui, na kwamba kocha anayedai anajua ni mwongo.

Sitakueleza yote niliyoyaona, maana yalikuwa mengi na macho yangu si yale. Nikueleze ya kwenye boriti.

Walipanda wasichana sita, mmoja baada ya mwingine, juu ya ule ubao usiopita upana wa kiganja. Wa sita aliposhuka, watu wengi wakainuka kwenda kununua bisi. Nikadhani wamemaliza. Kumbe msichana mwingine alikuwa amesimama pembeni, akiwainulia waamuzi mikono, akapanda. Jina lake Corinne, nililisikia kwa sababu wenzake wote walipanga mstari kando ya boriti wakaliita, kwa kelele iliyoshinda ya mwanzo. Alicheza vizuri. Aliyumba mara moja, akajikamata kwa ncha za vidole, akaendelea. Akaruka, akatua, akasogea hatua ndogo, akainua mikono. Alama zake zikawaka kwenye ubao wa alama, nzuri kuliko za wawili waliomtangulia. Lakini jumla ya timu haikusogea.

Unanijua. Nilisahihisha karatasi za watoto wa kaunti hii mpaka nilipostaafu, na kosa la hesabu siwezi kulitazama likipita. Nikashika fremu yangu, nikaanza kushuka kuelekea meza ya wale wanaoandika alama. Nilikuwa nimeshafika ngazi ya pili, na kijana wa mlangoni ameshaanza kuniambia "mama, tafadhali," Signe aliponishika kiuno.

"Bibi, keti. Watu wanatuangalia."

"Wamemdhulumu yule mtoto."

"Hawajamdhulumu. Ni wa saba. Wanaoshindana ni sita tu. Alama zake hazibadilishi matokeo."

"Sasa anapanda ili iweje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Zoezi lote analijua, Bibi. Ukishalijua utalifanyaje? Uliweke kabatini?"

Nikaketi. Yule Corinne alikuwa ameshavaa koti lake, anakunywa maji, uso wake unang'aa kama wa bibi harusi. Nyuma yangu watu walikuwa wanarudi na bisi zao, wakiulizana kama wamekosa chochote. Wakajibiana kwamba hapana, hawajakosa kitu.

Tulitoka, Signe akaendesha mpaka darajani, mto ukiwa mweupe chini yetu. Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu kusema yale uliyonipa niseme. Nilikuwa nimeyapanga. Nilikuwa nimeyatafutia hata maneno mazuri kuliko yako.

Sasa, Lowell, kama umesimama, kaa. Nina mambo mawili ya kukiri.

La kwanza, sikuyasema. Mtoto alisema, "Nataka kuwa pale." Nikamuuliza, miongoni mwa sita? Akasema, "Hata wa saba." Nikafungua kinywa kwa ajili yako, na kilichotoka ni, "Geuza gari." Akadhani nimesahau pochi. Nikasema pochi ninayo, geuza gari. Tukamkuta Kubiak anakunja mikeka, nami nikiwa nimesimama na fremu yangu nilimsikia binti yetu akitoa jibu lake kwa sauti safi. Kwa hiyo ulimtuma mbwa kuchunga kondoo, akafungua lango. Sijutii, na sitaomba radhi. Signe alitaka kukwambia mwenyewe siku ya Pasaka. Nimemwambia nitakwambia mimi, kwa kuwa kelele zako mimi nimezizoea tangu ukiwa kwenye nepi.

Lakini shauri halijakatika. Kubiak alisema hamwandiki msichana ambaye nyumbani kwao wanagombana kwa ajili yake, kwa kuwa ugomvi huo humfuata mpaka juu ya boriti. Anataka kusikia sauti yako kabla Aprili haijaisha. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kiwiko kinaweza kuvunjika tena, sitakudanganya. Hata zizini kinaweza kuvunjika. Mpigie.

La pili ni fupi. Mwezi wa kwanza, wiki ileile uliyokuja na koti lako, daktari alikuwa ameniambia nina ugonjwa kwenye kongosho. Sikukwambia, kwa sababu ulikuja na mzigo wako na ulikuwa unatosha. Alisema zipo dawa, zitanisumbua sana, zitaniongezea wiki kadhaa, lakini hazitabadilisha matokeo. Alitumia maneno hayohayo. Wakati ule niliyasikia kama mlango unaofungwa. Nikarudi chumbani, nikawaambia wale wazee wawili kwamba Kilatini kimekwisha.

Baada ya yale mashindano niliwaita, tukaendelea palepale tulipoishia. Dawa nimezikataa, lakini masomo sijaachana nayo. Na ardhi ikilainika nakuomba uniletee shina moja la rubarbu kutoka bustani ya Mama, lile la mabua mekundu machachu aliyotutengenezea pai, nilipande chini ya dirisha langu. Najua kama unavyojua kwamba rubarbu haivunwi mwaka wa kwanza. Usinieleze habari hiyo. Lete shina na koleo.

Signe hajui. Mwambie wewe, mitihani yake ikiisha, na usimwambie kwenye simu.

Mashindano yao yataanza tena Januari, nami sitakuwepo. Nenda kwa niaba yangu. Trekta litajitunza. Kaa upande wa kushoto, karibu na boriti, na chukua mto, maana mabenchi yao ni magumu na makalio yetu ni ya ukoo mmoja. Huenda mwaka wa kwanza mzima usimwone akipanda. Nenda hivyohivyo. Wa sita akishuka watu watainuka kwenda kununua bisi. Wewe usiinuke. Na siku atakayopanda yeye, akishuka atakutafuta kwa macho kabla hajautazama ubao wa alama. Usimwambie si mbaya. Naomba hilo tu. Tafuta neno jingine, una muda wa kutosha wa kulifanyia mazoezi.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Nimeanza kuaga mapema, kwa sababu kwetu sisi kuaga huchukua muda kuliko ziara yenyewe: mtu anasema haya basi akiwa mezani, anasema tena akivaa viatu, anasema tena mlangoni, na nusu saa baadaye bado yupo barabarani ameinamia dirisha la gari. Basi jua kwamba mimi nimesimama tu kutoka mezani. Njoo tuagane taratibu.

Maisha yangu, Lowell, hayakuwa mabaya. Wewe unajua hilo lina maana gani kwetu.

Ni mimi dada yako,
Ardis

Mkono wangu bado uko juu.