Hewa ya Kaka

Jumapili, 4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima na masikio yako yakiwa bado yanasikia, maana mama anasema kompresa za kubana hewa za hapo karakana zitakuletea uziwi kabla ya uzee. Sisi hatujambo. Mama anashona, mimi nasoma, bomba la uani limepasuka tena. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua: kwenye simu ulimi wangu unajikwaa, na jambo hili halitaki kujikwaa.

Nimeipata bunduki ya kaka.

Kaa kwanza, Mjomba. Unakumbuka baada ya mazishi mama alimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, bila hata kuuliza bei, akasema asiione tena. Tangu siku ile, kila nikitoka maktaba napita kwenye vibanda vya vitu kuukuu. Nimeona feni zisizo na mapanga na saa zisizo na mishale. Wiki iliyopita nikaiona imesimamishwa katikati ya miavuli iliyovunjika. Nimeijua kwa kishikio. Vile vipande vya tyubu ya baiskeli alivyovizungusha ili isimteleze mkononi bado vipo, na cha mwisho kimeungua ncha, kwa sababu alikigandisha kwa moto wa mshumaa na mshumaa nilikuwa nimeushika mimi.

Muuzaji akaniuliza, "Unataka kumpiga nani, binti?"

Nikasema samaki.

"Masikini. Amekukosea nini?"

Tulibadilishana. Nimempa kamusi yangu kubwa, ile ya zawadi ya shule. Amesema itafaa chini ya mguu wa kabati lake. Nilitembea haraka nisije nikageuka.

Mama hajui. Nimeificha nyuma ya kabati, nimeifunga shuka. Naomba unifundishe kuikagua na kuirekebisha iwe ya kipimo changu. Kuogelea najua, kaka alinifundisha. Nataka kushuka nayo pale mwambani alipofia, nione alichokiona. Watu bado wanasema alimng'ang'ania samaki mpaka pumzi ikamwisha. Juzi mteja wa mama alisimama mlangoni akasema, "Tamaa mbele, mauti nyuma, ndiyo yaliyomkuta mwanao." Mama akaendelea kushona kana kwamba hakusikia, lakini mshono ulikwenda upande, ikabidi aufumue wote.

Mpwa wako,
Kobe

Jumamosi, 17 Februari

Kobe wangu,

Marahaba, na nyingine weka akiba. Masikio yapo, yanasikia yakitaka. Barua yako nimeianza nimesimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka msimamizi akauliza kama nimeumwa na nge.

Sasa nisikilize. Majonzi baadaye, usalama kwanza. Bunduki ile haina baruti, ina hewa iliyobanwa, na hewa iliyobanwa haisahau. Itakaa kimya miaka kisha ikutoboe siku moja. Usimwelekezee mtu, hata paka. Usichungulie mdomo wake. Tazama kama mshale umo ndani. Kama umo, usiguse kitu, nipigie simu hata kama ulimi utavunjika. Kama haumo, chukua kijiti kirefu kigumu, simama ubavuni, ukiingize mdomoni polepole na usukume. Ukisukuma na chenyewe kikakusukuma, basi hewa bado imo. Baada ya hapo izamishe majini, upande wa mdomo kisha upande wa kishikio, uone mapovu yanatokea wapi.

Kuifungua, hapana. Fundi anayefungua kitu chenye hewa ni fundi wa vidole pungufu. Hapa tunao wawili, na wote walikuwa hodari sana.

Kushuka mwambani nako ni hapana, mpaka nitakapokuwepo mimi juu ya maji nikikutazama. Nimemzika mmoja. Koleo la wa pili sina.

Na mwambie mama yako. Dada yangu ana masikio ya popo, atajua tu.

Mjomba wako

Jumapili, 3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Vidole vyangu vyote vipo, nadhani hilo ndilo ungeanza kuuliza. Mama hajambo ila mgongo. Bado sijamwambia.

Mshale haumo. Hewa imo. Nilisukuma kijiti kama ulivyosema na kikanirudisha, taratibu, kama mtu anayesukumwa usingizini naye anakataa kuamka. Nilikiachia, nikaenda kuteka maji ya kuizamisha.

Mapovu yanatokea nyuma ya kishikio, kwenye vali, pale inapofungwa pampu. Linatoka moja. Kimya. Halafu jingine. Hayafuatani kwa mpango wowote. Yanakawia kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu, na kaka alikuwa akijibu hivyo hivyo.

Mjomba, hewa hii aliijaza yeye. Asubuhi ile tulikuwa uani, mimi nimeishika bunduki isiyumbe, yeye anasukuma pampu. Aliniambia nihesabu. Mimi nilikuwa na kitabu magotini, nikapotea katika hesabu, akacheka, "Kobe, siku moja utasoma mpaka nyumba iungue." Kisha akaweka mikono kiunoni, akavuta pumzi, akaendelea. Nguvu za mikono yake zimo humo ndani. Yeye aliishiwa pumzi, na bunduki yake ikarudi nyumbani imejaa.

Tangu nilipoona povu la kwanza sikai chumbani bila kusikiliza. Hata nikiwa darasani nasikiliza.

Naomba uniambie namna ya kuziba vali bila kuitoa hewa.

Mpwa wako,
Kobe

Jumamosi, 16 Machi

Kobe wangu,

Marahaba. Mwambie mama yako anyooshe mgongo, cherehani si mtoto mchanga wa kuinamiwa hivyo.

Nimelisoma swali lako mara nyingi kuliko ninavyosoma maagizo ya mitambo. Jibu halipo. Kinachovuja ni ringi ya mpira ndani ya vali, imekauka. Kuibadilisha lazima ufungue, na kufungua lazima hewa itoke kwanza. Ukiiacha, itakwisha yenyewe, povu kwa povu, na hutajua lilikuwa lipi la mwisho. Ningekuwa na ufundi wa tatu ningekupa. Maisha yangu yote nimefunga hewa kwenye vyuma, na bado sijaona chuma kilichoishika milele.

Nimeweka ringi mpya ndani ya bahasha, nimeifunga kwa kitambaa. Ikae tu kwanza.

Lipo ambalo hukunieleza. Kamba iliyokuwa ikifunga mshale kwenye bunduki, kipande chake kimebaki? Ncha ikoje? Kamba iliyosagwa na mwamba huchanua kama ufagio. Usiniandikie unavyodhani, niandikie unavyoona.

Mjomba wako

Jumapili, 7 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sijui nianze wapi, na mwalimu wa insha angenikata alama kwa sentensi hiyo.

Mama ameiona. Nilirudi kutoka shule nikamkuta sakafuni chumbani kwangu, beseni la kufulia mbele yake, kishikio kimezama majini kama nilivyokiacha asubuhi. Hakunitazama.

"Nani anapumua humu?"

Nikamweleza yote. Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia niseme kama mtu. Nikasema kama mtu. Povu likatoka, tukalitazama wote wawili mpaka lilipopasuka.

"Na wewe ulitaka kwenda kunifia na hiyo hiyo?"

"Nilitaka kuona, mama."

"Kuona nini? Maji?"

Hapo nikamwonyesha barua yako na kile kipande cha kamba. Kimebaki kifupi, kama urefu wa kiganja. Mama alikiokota, akakipitisha katikati ya vidole, akakipeleka dirishani na kukigeuza kama anavyogeuza kitambaa cha mteja anayelalamika.

"Hii haikuchanika," akasema. "Kilichochanika huacha nyuzi. Hii imekatwa, na kisu kikali, mshazari, mara moja."

Akaenda kwenye sanduku lake. Mjomba, sikujua kwamba ameitunza ile ala ya kisu ambayo kaka alikuwa akiifunga mguuni. Ilirudi naye siku ile ikiwa tupu. Tulidhani kisu kilidondoka. Mama aliiweka ala na kamba pamoja juu ya paja.

"Alikitoa," akasema. "Mwanangu alikata. Alimwacha samaki. Alikuwa anakuja."

Alilia, lakini si kama alivyolia kwanza. Mimi nilimshika mguu kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

Sasa ananiuliza: je, kama waliomtoa majini ndio waliokata? Jibu unalo wewe?

Mpwa wako,
Kobe

Jumapili, 12 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hatujapata barua yako. Mama anasema una kazi nyingi, halafu anatazama mlangoni. Mapovu yanazidi kukawia. Jana nililisubiri moja mpaka maharage yakaungua jikoni.

Kobe

Alhamisi, 6 Juni

Kobe wangu,

Marahaba, mwanangu, na unisamehe ukimya. Swali la mama yako halikuwa la kujibiwa na mtu aliyekaa kitini. Nilisubiri likizo, nikaenda kumtafuta yule mvuvi wa nyavu aliyemtoa kaka yako. Amehama, ikanibidi niulize bandari kwa bandari. Nimemkuta anashona wavu, amezeeka upande mmoja.

Nilimuuliza kama alikata kamba. Akaniambia, "Kwa kisu kipi? Siku ile nilikuwa na makasia na nyavu basi. Bunduki ilikuwa inaning'inia kwenye mkono wake kwa kitanzi cha kishikio. Kamba ilikuwa imeshakatika."

"Yeye ulimkuta wapi?"

"Juu. Karibu kabisa na juu. Uso wake umeelekea kwenye mwanga. Ningenyoosha mkono mapema kidogo tu."

Nikamuuliza mbona hakusema haya. Alinitazama kama mimi ndiye mjinga. "Nani aliniuliza? Nyinyi mlikuwa mnalia, na wengine walishapata methali yao."

Basi. Mwambie dada yangu: mtoto alikata, akapanda. Pumzi ilimwisha mlangoni.

Sasa kuhusu bunduki. Itoe hewa, lakini mkiwa pamoja. Usiiache itoroke kama mwizi. Vali bonyeza kwa kitu chembamba butu, uso pembeni, taratibu. Kisha ringi mpya, mafuta ya silikoni kidogo, ujaze upya. Usijaze kama kaka yako, jaza kadiri mkono wako unavyoweza kuusukuma mshale ndani bila kuhema, maana anayezama akiwa anahema ameshatumia nauli ya kurudi. Na kamba usiifunge kwenye bunduki kabisa. Ifunge kwenye boya linaloelea. Samaki akiingia pangoni, aende na kamba yake na boya lake, wewe unapanda mikono mitupu. Asiwepo tena wa kuhitaji kukata.

Nakuja mwezi wa nane. Nitakaa juu ya maji nikutazame mpaka uchoke kutazamwa.

Mjomba wako

Jumapili, 23 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Salamu zako nimemsomea mama neno kwa neno. Lile la mvuvi amenisomesha mara nyingine, kisha akaichukua barua akaenda nayo kwenye cherehani, akashona siku nzima ikiwa chini ya kitambaa cha mteja. Yule mteja wa methali alikuja kuchukua gauni lake. Mama akamkunjia vizuri, akamkabidhi, akasema, "Nguo yako tayari. Na mwanangu alimwacha samaki, akawa anakuja nyumbani. Hakufika tu." Mteja yule aliondoka bila hata kujaribu gauni.

Wiki iliyopita tuliitoa hewa.

Nilitaka kubonyeza mimi, mama akakataa. Alileta sindano yake nene ya magunia, akaigeuza upande wa kichwa. Kabla ya kukaa, alifunga dirisha. Akavuta pazia, akasukuma mlango kwa kisigino, akachomeka kanga pale chini ya mlango panapopita upepo.

Nilidhani itapiga kelele. Haikupiga. Ilitoka kama mtu anayetua mzigo kichwani. Ilikuwa ya baridi, Mjomba, na ilinukia mpira na mafuta, kama mikono yake alipokuwa akitengeneza baiskeli. Umesema tuweke uso pembeni. Nisamehe, mama aliweka shavu. Alibonyeza na kuachia, akabonyeza tena na kuachia, kama anayeonja. Mwishoni ilibaki kidogo, akanisogezea mimi.

Ringi nimeibadilisha. Nimejaza upya kwa pampu ya kaka, mama akiishika bunduki isiyumbe na kuhesabu kwa sauti. Hakupotea hata mara moja. Kishikio sijakigusa, tyubu ni zile zile. Boya ni dumu la mafuta ya kupikia, mama amelishonea koti jekundu lenye kola, anasema hata dumu lina heshima yake. Tumezamisha kishikio kwenye beseni, tukasubiri. Hakuna povu. Tulisubiri zaidi ya ilivyohitajika.

Nitakungoja mwezi wa nane. Sitashuka kabla yako, nimemwapia mama.

Jambo moja tu. Ukifika utaona chumba changu kina joto kama tanuri, maana dirisha halijafunguliwa tangu siku ile, na utataka kulifungua. Mimi nalala na jasho, mama anakuja kukaa na ushonaji wake, anajipepea kwa kipande cha kitambaa, na hakuna anayelitaja. Tafadhali usilifungue. Siku ikifika, mama atalifungua mwenyewe.

Mpwa wako,
Kobe