Wimbo wa Baba Usio na Namba

Jumapili jioni, mwezi wa saba. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mimi nimevaa sweta la Baba juu ya sweta langu. Nimeshazoea joto na vumbi la Same mjini, kwa hiyo nikipanda huku kwetu milimani siku mbili tu tayari mafua. Macho yamenivimba, lakini hayo si mafua. Nimelia tangu Jumatano, na nataka niandike nilianzaje kulia kabla sijasahau.

Nilianza kwa kumlilia jambazi.

Mimi ni msusi. Nina saluni karibu na stendi, na ndani ya saluni nimeweka runinga, kwa sababu mteja wa rasta anakaa kwenye kiti kutwa nzima na usipompa kitu cha kutazama ataanza kukusimulia ndoa yake. Filamu najaziwa kwenye flashi, zile zilizotafsiriwa na Dijei. Dijei huyo anaongea juu ya kila kitu. Mtu akifungua mlango, anakwambia huyo anafungua mlango. Jumatano mteja wangu mmoja, mwalimu, akachagua picha la majambazi la zamani, wanaume wote wana kofia na makoti marefu hata wakiwa ndani ya nyumba.

Sikuwa natazama. Nilikuwa nimeipa runinga mgongo, nasuka kisogo cha mwalimu. Nikasikia kuna mazishi, mvua inanyesha, Dijei anatania viatu vya wafiwa. Halafu tarumbeta moja ikaanza kulia, peke yake, taratibu. Na Dijei, nawaambieni, Dijei akafunga mdomo.

Vidole vyangu vikasimama.

Wimbo ule ninaujua tangu nabebwa mgongoni. Ndio tuliomzikia Mama mwaka jana.

"Dada Nakundwa, unaninyonga," mwalimu akasema. Kumbe nilikuwa nimeshika nywele zake kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe.

Ngoja nieleze, maana wasomaji wangu wengine si wa huku. Kwetu mtu akifa anazikwa na tarumbeta za kanisa. Kiongozi wa ibada anataja namba ya wimbo, watu wanafungua kitabu, wazee wa tarumbeta wanapuliza. Kila wimbo una namba yake. Isipokuwa mmoja. Huo kiongozi hataji namba, anasema tu, "Wazee, ule wenu," na jeneza linaanza kushuka. Hauna maneno. Mama alikuwa akiuimba kwa mdomo uliofumba akichambua maharage ya makande, nami nilidhani kila nyumba duniani maharage yanachambuliwa hivyo.

Aliyeuleta wimbo huo ni Baba. Enzi za ujana wake alikuwa anashusha tangawizi Same, na siku moja mvua ikamkuta akisubiri gari la kurudi. Akajibanza kwenye ukumbi wa video. Wakati huo hakuna Dijei wala nini, ni Kiingereza kitupu, na Kiingereza cha Baba ni salamu tu. Alichokiona ni hiki: bwana mmoja mwenye koti jeusi refu anaingia, watu wote wanasimama. Anaongea polepole na hakuna anayethubutu kumkatisha. Wanainamisha vichwa. Kisha bwana huyo anasimama kando ya kaburi, kwenye mvua, na tarumbeta inalia. Baba akasema moyoni, huyu ni askofu. Mara gari likapiga honi nje na yeye akatoka mbio. Njia nzima, Kisiwani, Maore, mpaka huku juu, alikuwa anapiga mluzi ili asiusahau, abiria wakamgombeza wee mpaka wakachoka. Jumapili iliyofuata akawafundisha wenzake.

"Ni wa kwenye filamu ya askofu." Tumekua tukiambiwa hivyo, na nani angebisha?

Jamani, askofu! Jumatano hiyo nilivuta kiti nikakaa karibu na mteja wangu, kichwa chake nusu kimesukwa na nusu kimesimama, tukatazama wote. Askofu wa Baba aliua watu mpaka nikapoteza hesabu. Mmoja alimtumbukiza kwenye pipa la samaki. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Halafu nikaacha kucheka.

Maana muziki ule ni mchawi. Kila unapotaka kumchukia yule mtu, wenyewe unakuja. Anakula peke yake kwenye meza kubwa, unasikia kinanda kinaugusa kidogo tu na kuuacha. Anamwangalia binti yake amelala, unakuja kwa filimbi. Mwishoni binti ameshakua na hataki hata kumwona. Jambazi anakwenda kwake na keki ya siku ya kuzaliwa, anasimama getini anajipangusa viatu, na hapo hapo wanampiga risasi. Keki inaanguka. Na tarumbeta ile inarudi. Mimi nalia, mwalimu analia, kamasi zinamtoka mtu mzima na shahada yake.

Kulikuwa na mama mmoja chini ya drayer, masikio yote yako ndani, haisikii filamu, anaiona tu. Akatutazama akashangaa kweli kweli. "Mnamlilia nini? Si jambazi huyo? Amestahili." Picha ni zile zile alizoziona, ila sauti hakuipata. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliyetutoa machozi si yule mtu, ni ule wimbo.

Ningeishia hapo ingekuwa kichekesho cha saluni. Lakini Jumamosi hii inayokuja tunaweka msalaba kwenye kaburi la Mama. Na tuna mchungaji mpya, kijana, mpole, mtu wa utaratibu. Alipokuja kupanga ibada na Baba aliuliza namba ya kila wimbo. Walipofika kwenye ule, Baba akasema huu hauna namba, ni wa filamu ya askofu. Mchungaji akamwambia kwa heshima zote, "Mzee wangu, nitafutie hiyo filamu niridhike. Nisiporidhika, tutapiga wa kitabuni." Baba akanipigia simu. Wewe uko mjini, nitafutie filamu ya askofu. Nilikuwa nimehangaika wiki mbili, kijana wa flashi amenijazia kila filamu yenye kanzu, wapi! Sasa nimeipata kwenye majambazi.

Nitamwambia nini?

Nikimficha, atasimama mbele ya kaburi la mkewe akiwa hajui, na siku moja mjanja mmoja kutoka Dar atamcheka hadharani. Nikimwambia, namjua Baba, hatapuliza tena. Ataona amewazika watu wa kijiji kizima na wimbo wa wauaji. Na Mama atawekewa msalaba na wimbo ambao hakuwahi kuchambulia maharage. Usiku wa Alhamisi sikulala vizuri. Ijumaa nikamsuka mtu upande wa kushoto mistari minene na wa kulia myembamba, akanisema, na ana haki yake.

Jana nikapanda na flashi mfukoni.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umempata askofu?"

"Nimempata, Baba. Ila si askofu."

Tulikula makande kwanza, maana kwetu habari mbaya haizuii chakula. Halafu nikachomeka flashi kwenye runinga yake ndogo ya sola. Yale mazishi yalipoanza Baba akavua kofia akaiweka gotini, kama yuko msibani. Tarumbeta ilipolia midomo yake ikajikunja yenyewe. Uso wake ukawa wa kijana, nakwambia kweli, nilimwona Baba ambaye sijawahi kukutana naye.

"Ndiye," akasema. "Ndiye yeye kabisa."

Mauaji yalipoanza akasogeza kiti karibu na runinga. Aliuliza kitu kimoja tu. "Huyu anayepiga kelele ni nani?"

"Ni Dijei, Baba. Anatafsiri."

"Mwambie apunguze."

Alitazama mpaka mwisho, mpaka keki, mpaka yale majina meupe yanayopanda juu. Akasema rudisha pale mwisho. Nikarudisha. Akasema tena. Nikarudisha. Nilidhani aibu ndiyo inamtafuna na roho ikaniuma, nikaanza kujilaumu kwa nini sikukaa kimya.

"Baba," nikasema, "si lazima Mchungaji ajue yote. Tunaweza kumwambia tumeikosa filamu."

Akanigeukia. "Nakundwa. Niseme uongo halafu nikampigie mama yako?"

Basi nikachomoa flashi.

Leo baada ya ibada akamwendea Mchungaji pale nje, mbele ya wazee wa kanisa na wenzake wa tarumbeta, wote bado wamebeba vyombo. Mimi nilisimama nyuma. Wapare tunasifika kwa kupenda kesi, na hii ilikuwa kesi nzuri. Watu wakasogea. Baba hakuzunguka. Alisema, "Mchungaji, nilikosea. Yule si askofu. Ni jambazi, tena jambazi sugu. Wimbo ni wa picha lake."

Mzee mmoja akaguna, akasema hili lazima likaliwe kikao. Mwingine akauliza waliokwisha kuzikwa nao inakuwaje, wanahesabiwaje? Kuna aliyetaka kucheka akajikohoza.

Mchungaji akauliza, "Mzee wangu, kwenye hayo mazishi ya filamu, walikuwa wanamzika nani?"

"Mama yake yule jambazi."

"Na huyo mama naye alikuwa jambazi?"

Baba akafikiri kwa dhati, akakuna kidevu. "Hapana. Alikuwa anauza samaki."

Watu wakaangua kicheko, na Mchungaji mwenyewe akacheka mpaka akashika miwani. "Basi ni wimbo wa mtu kumzika mama yake. Mimi hapo sina kesi. Jumamosi upigeni. Ila naomba neno la askofu liishe leo."

Nilitaka kumkumbatia Mchungaji, nikakumbuka niko uwanja wa kanisa.

Ningesema hadithi imeisha vizuri. Lakini njiani kurudi nyumbani Baba anatembea mbele, tarumbeta kwapani, haongei. Wenzake wanamtania, "Askofu, tusubiri!" Hacheki. Nikaona mambo gani haya, mtu ameshinda kesi yake na bado amenuna. Tulipofika kwenye mteremko wa nyumbani nikamshika mkono.

"Baba, si ameruhusu?"

"Ameruhusu."

"Sasa?"

Akasimama. Alikuwa anahema, kifua chake siku hizi si kile.

"Wewe hukusikia pale mwisho? Nilikwambia urudishe."

"Nilisikia. Ni wimbo ule ule."

"Si ule ule. Unashuka pale tunapoishia sisi, halafu unavuta pumzi, halafu unapanda. Unapanda mpaka juu kabisa, Nakundwa. Mimi siku ile nilitoka kabla. Sikujua kama kuna kupanda."

Miaka yote hiyo, watu wote wale, jeneza linashuka na wimbo unashuka nalo na unabaki huko huko chini. Ndiyo maana tulikuwa tunalia vile. Na mimi nilidhani ndio uzuri wake.

"Tulimzika mama yako na nusu," Baba akasema.

Hakuingia ndani. Alipitiliza moja kwa moja kwenye migomba, kwenye kaburi. Nimempelekea chai, imepoa kwenye jiwe. Nimempelekea koti, amelivaa. Nimekaa barazani na simu yangu naandika, ukungu umemfunika simwoni, ila namsikia vizuri. Sehemu ya kushuka anaipuliza bila kubabaika, hiyo ni yake. Akifika pale pa kupandia sauti inakatika, anakohoa, anaanza upya. Imekatika tena sasa hivi. Anatema mate. Halafu nasikia anaongea, kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiongea naye jikoni.

"Subiri, Mama Nakundwa. Subiri kidogo, naipata."