Friji ya Anko Detlef

Anke upo?? Shosti!

Ile kompyuta ya marehemu baba imefika leo kutoka kwa Detlef. Si unajua alijitolea kuisafisha? Rafiki kipenzi wa baba, aliyebeba jeneza lake!

Boksi limebonyea kona moja. Nawasha, kioo kinawaka, diski kimya. Nimechomoa waya nikachomeka upya, nimeigonga ubavuni taratibu kama baba alivyokuwa anafanya. Kimya!

Nikampigia. "Pole mwanangu, hao watu wa mizigo wanarusha maboksi kama magunia ya viazi. Diski ya zamani ikidondoka, ndiyo basi tena."

NIKAMWAMINI. Nikalia kwenye simu. Nyimbo zote alizotunga baba zimo humo tu, hazipo kwingine.

Nikiwa nalia nikasikia kitu nyuma yake. Mluzi unapanda, halafu tak, tak-tak, halafu mkwaruzo kama kuku anapekua changarawe.

Anke, nimekua na sauti hiyo. Hakuna diski nyingine inayoamka hivyo.

"Anko Detlef, umewasha nini hapo?"

Akajibu: "Friji tu, mwanangu."

Friji!!

Nikafungua kompyuta. Baba alitia tone la rangi ya kucha ya mama kwenye kila skrubu ya diski yake. Hii iliyomo haina hata alama.

Yaani alikuwa ananipa pole huku diski ya baba inazunguka mezani pake.

Bisibisi ninayo mkobani. Niko kwenye basi la kwenda kwake, nashuka kituo kijacho.