Mdudu wa Jeneza

Baba yangu,

Majibu ya picha zako yamekuja. Yaliteremshwa bandarini Wesha siku tatu baada ya arubaini yako. Mwalimu wa skuli amenisomea, nami nakujibu wewe kwa hati za Kiarabu za chuoni, ndizo nizijuazo.

Unakumbuka ilivyoanza? Uliuchongea msikiti wetu hapa Micheweni jeneza jipya la mfenesi, ukakataa ujira. Mwezi haujaisha likaanza kugota. Tk, tk, tk, tupu, limeegemezwa ukutani, watu wamo katika sala ya adhuhuri. Wakasema jeneza la Fundi Hamadi linaita mtu. Na kweli, kila likigota, wiki haikupita bila maiti. Wateja wakakukimbia, hata mlango wa nyumba ya harusi ukabaki uani kwetu, ukilowa mvua.

Wewe ukacheka. "Mwanangu, mbao inaliwa, haisemi."

Ukalikalia macho siku tatu hata akatoka, mdudu mweusi mwenye madoa meupe, mapembe yake marefu kuliko mwili. Alipokufa ukampeleka Chake kwa Bwana Jivan, mpiga picha, ukaweka dole gumba lako kando yake ili ukubwa wake ujulikane. Nikakwambia umpeleke mdudu mwenyewe kwa bwana shamba, Unguja. Ukajibu, "Huyu atavunjika njiani, picha haivunjiki." Ukatuma picha tatu, mdudu ukanipa mie ndani ya kiberiti nikuwekee.

Baba, nilimchoma. Mjukuu wako Asha alishikwa na homa, nami nikawa nasikia mkwaruzo ndani ya kile kiberiti. Nikamtia chetezoni pamoja na ubani. Homa ikashuka siku ile ile, nawe ukaanguka keshoye. Kila ulipozinduka uliuliza, "Kiberiti kipo?" Nikasema kipo. Naona haya mpaka leo.

Ulipotolewa mlangoni ndani ya jeneza lile lile, nilisikia tk, tk chini yako. Wachukuzi wakasita. Nilitaka kuwaambia ni mdudu tu, nikarudi ndani, kwa kuwa nami nilishaogopa kama wao.

Bwana shamba anasema jamii yake anaijua. Funza wake hukaa ndani ya mbao kavu miaka, akitafuna, na mlio ni huo. Lakini jina halisi hawezi kulitoa kwa picha, pingili za mapembe hazihesabiki. Anaomba mdudu mwenyewe. Tena anauliza kama alikuwa hai, maana katika picha mbili mapembe yamelala mgongoni, na katika ya tatu yamegusa dole gumba lako.

Barua ilisomwa msikitini Ijumaa. Imamu akasema, "Tumemdhulumu Fundi." Wengine wakauliza, kama ni mdudu, jina lake nani, na yuko wapi? Nilikuwa nje ya dirisha, nikainama. Jina lako lingesafika siku ile kama si mie.

Tangu jana kitanda chako kinagota. Ni mfenesi ule ule. Asha analia kitolewe, nimekataa. Nimekaa juu yake naandika, kile kiberiti kitupu ki wazi mapajani mwangu. Akitoka mdudu, atakwenda Unguja yeye mwenyewe, hata ikiwa nimpeleke kwa mkono wangu.

Sasa hivi nimeita, "Baba." Kikanyamaza. Nikasema, "Kiberiti kipo." Kikaanza tena.

Nisamehe, nangoja.

Ni mie, bintiyo uliyemwachia amana