Foku kwa Kilo Zangu

Shemeji Adelard,

Shikamoo. Huku Chang'ombe hatujambo. Mwanangu Jesca amefaulu, anaingia kidato cha tano, na wale kuku uliotuletea wameanza kutaga.

Mie naunda baiskeli mpya. Ile ya marehemu Augustine uliichukua siku ya kumaliza msiba. Wazee walisema kitu cha mume kinabaki kwa ndugu zake. Hii mpya ilibaki kufungwa foku tu, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu. Fundi Deogratias akanitolea mbili. Ya kwanza ngumu, haina shokapu. Akasema, "Mama, hii inakutosha kwendea sokoni." Sokoni! Nikamwambia naenda Pugu, kwenye makorongo yale yale ambako mie na mume wangu tulikuwa tukipokezana baiskeli kila Jumapili tukitoka kanisani.

Nikachukua ya pili, yenye shokapu ya upepo. Hiyo hujazwa kulingana na uzito wa mwendeshaji. Fundi akauliza, "Ataendesha nani?" Nikaenda kupanda mzani duka la jirani, nikarudi kumtajia kilo zangu, akajaza.

Lile la kunirithi, ulilomtuma shangazi yenu aniambie, nimelisikia. Sitaki.

Ukija kutusalimia karibu sana, chai ipo. Baiskeli utaiona sebuleni. Usijisumbue kuipanda. Upepo wake umepimwa kwa uzito wangu mie. Ukiikalia wewe na hicho kitambi, itadidimia mpaka chini.

Ni mie shemeji yako,
Sekela