Yule Mtoto Unayemfunga Mkono

Kola, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa dada Mwende,

Leo nitakueleza yote, hata wivu wangu, kwa hivyo tafadhali usome mpaka mwisho. Simu ya mama iko kwa fundi. Mwalimu wetu wa sayansi anakwenda kwao Kithimani kesho, naye atakuletea barua hii hapo hospitalini kwenu.

Nimeungua mguu. Sufuria ya chai ilinitoka mkononi jikoni. Mama alinimwagia maji baridi polepole, kama ulivyotufundisha, mpaka mtungi ukaisha. Kisha Mama Kioko wa jirani akaja na kapsuli ya rangi mbili, akaifungua aninyunyizie ule unga.

"Hii inakausha kama simiti," akasema.

"Hapana. Dada alisema dawa ya kumeza haimwagwi kwa kidonda."

"Dada, dada. Huyo dada yako ako wapi saa hii? Si ako huko anafunga vidonda vya watoto wa wenyewe?"

Mama akacheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa sababu ni kweli.

Unakumbuka nilipoanguka kwenye mawe ya mtoni, goti likapasuka? Ulikuwa bado unasomea uuguzi. Kila jioni uliilowesha chachi, kile kitambaa chepesi kilichoganda kwenye kidonda, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ukangoja ilegee yenyewe. "Haturarui, tunabembeleza," ulisema, nami niliamini maneno hayo ni ya goti langu tu. Halafu mwezi uliopita ukamtumia mama picha ya Wambui, yule mtoto aliyeungua mkono, na chini yake ukaandika maneno yale yale. Najua ameumia kuliko mimi. Hata hivyo nilitamani apone haraka, na si kwa wema.

Nesi wa zahanati amenifunga kwa chachi ya mafuta isiyo na dawa. Amesema si kila kidonda kinahitaji dawa ya kuua viini, lakini Jumatatu atakifungua, na akiona dalili mbaya ataweka chachi yenye dawa. Akauliza kama kuna dawa ya kupaka iliyowahi kunidhuru. Mama akasema hakuna. Mimi nikasema iko: ile ya goti, iliyoniwasha mpaka ngozi ikavimba, ukaniosha, ukaitupa, ukanikanya nisikubali tena kupakwa. Mama hakuwepo siku hiyo, na mimi jina sikulishika. Nesi hataki kubahatisha.

Wambui anakupata kila asubuhi. Mimi naomba jina moja tu. Mwalimu anarudi jioni hiyo hiyo ya Jumapili, mwandikie kwenye karatasi yoyote.

Iliitwaje ile dawa, dada, ama siku hizi unakumbuka ngozi ya Wambui peke yake?

Mdogo wako, uliyemfunga bandeji kabla ya wengine wote,
Ndanu